Umri wa Karatasi

Mdogo wangu alinijia na swali la shule Jumamosi mchana, nikiwa nachambua maharage. Mkono mmoja alishika kompyuta ya shule, mkono mwingine kipande cha chapati, na usoni alikuwa na ile hali ya mtu anayetaka jibu fupi aondoke.

"Dada, sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia ni nne, sivyo?"

"Nani kasema ni nne?"

"Ona sasa. Ndiyo maana sikutaka kukuuliza."

Hayo aliyasema kwa Kiingereza, kama anavyofanya akikasirika. Nikamwita arudi. Nilisoma historia chuo kikuu hapahapa Texas, na hadi leo mama huwaambia watu kanisani kwamba nilisomea ualimu, kwa sababu haoni namna mtu mwenye akili timamu anavyoweza kukaa miaka yote ile akisoma habari za wafu asitoke hata na cheti cha unesi. Wakenya anaokutana nao kutoka mji wa Carrollton, ambao binti zao karibu wote ni manesi, humwonea huruma. Basi mtu wa nyumbani akiniletea swali la historia, simwachi aondoke kirahisi.

Akanisomea zile sababu: mbio za silaha, miungano ya mataifa, ubeberu, utaifa. Walikuwa wamefundishwa kuzikariri kwa herufi zake za mwanzo. Nikamuuliza bunduki zilitoka wapi. Viwandani, akasema. Na viwanda vilikula nini? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Pamba, nikamwambia, mpira, shaba, mafuta ya mawese, na vingi kati ya hivyo havioti Ulaya. Kila nchi yenye viwanda ilitaka mashamba ya wengine na masoko ya wengine, na ujuzi uleule uliounda mashine za kusokota nyuzi ulijua pia kusubu mizinga. Sikatai kwamba mtoto wa ukoo wa kifalme alipigwa risasi. Lakini watu hupigwa risasi kila siku na dunia haiwaki moto.

"Mwalimu hatanipa maksi kwa hayo."

"Andika zake nne, halafu weka na la kwako."

"Sina la kwangu."

Akapandisha ukurasa juu hadi somo lililotangulia, la mapinduzi ya viwanda. Palikuwa na picha ya watoto wamesimama mbele ya mashine za nyuzi, peku, nguo zimewazidi, wanamtazama mpiga picha kama mtu anayewapotezea muda. Maelezo ya chini yalisema kwamba sheria ilipoanza kuweka kiwango cha umri, wazazi wengi walidanganya ili watoto wao waendelee kuajiriwa. Mdogo wangu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akaacha kutafuna.

Wote wawili tulijua kwa nini. Jumatatu asubuhi alitakiwa kwenda kuandikishwa kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama upande wa kaskazini wa Fort Worth, kusafisha mashine za kukatia, kazi ambayo sheria ya hapa haimruhusu mtu kuigusa kabla hajafikisha miaka kumi na minane. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na sita. Karatasi zake zilisema kumi na minane.

Karatasi hizo hazikughushiwa na mtu. Tulizaliwa kambini, Tanzania, wazazi wetu wakiwa wamekimbia Burundi. Siku ya mahojiano ya kuja Marekani mama alikuwa amelazwa, baba akaingia peke yake. Akaulizwa watoto mmoja mmoja, jina na mwaka. Kati yangu na mdogo wangu alikuwapo mwingine, wa kiume, aliyefariki kabla hajajua kutembea. Nyumbani kwetu mtoto wa namna hiyo hatajwi; hata ukiulizwa una watoto wangapi, unamruka. Baba akaliruka jina, lakini mwaka ukamtoka mdomoni. Akautaja mwaka wa marehemu kwa jina la aliye hai. Alipogundua, faili lilikuwa limeshafungwa, na kambini kila mtu alimjua fulani aliyerudi kusahihisha kosa dogo akaachwa, ndege ikaondoka na majirani zake. Baba akanyamaza.

Tulipofika hapa hakuna aliyeshtuka. Kwa mama mkubwa, huko Sharpstown, Houston, nyumba nzima imezaliwa tarehe mosi Januari, tarehe wanayoandikiwa wakimbizi wasiojua siku zao, na keki ni moja kwa wote. Kwetu ilikuwa tofauti kwa sababu miaka miwili ilimwangukia mtoto kichwani. Shule ilimweka kwenye darasa la umri wa karatasi. Akashindwa, akarudishwa nyuma. Akashindwa, akarudishwa tena. Walimu walisema ni mzito, wanafunzi wakamwita bibi. Nilikuwa nikimfundisha mimi mwenyewe mezani, najua hakuwa mzito. Alikuwa mdogo tu. Halafu ile karatasi iliyomwonea shuleni miaka yote ikageuka kuwa tiketi yake ya kiwandani.

Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba yeye mwenyewe alitaka kwenda.

"Kule watanipa buti na kofia," alisema. "Hakuna mtu ataniuliza kwa nini bado niko darasa la kumi."

Baba alikuwa sebuleni, amelala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo. Aliuumiza kwenye ghala anakofanya kazi, wakampunguzia saa, na tangu hapo ndipo maneno ya kazi ya usiku yalianza kuingia nyumbani. Simu ilikuwa kifuani pake ikimsomea maswali ya mahojiano ya uraia. Ikamwambia ataje vita moja ambayo Marekani ilipigana katika karne ya ishirini.

"World War One," akajibu kabla haijamaliza. Majibu yanayokubalika yako kadhaa. Yeye alishika hilo kwa kuwa ndilo la kwanza.

"Baba," mdogo wangu akapaza sauti, "na sisi tulikuwa wapi kwenye hiyo vita?"

"Tulibeba."

"Tulibeba nini?"

"Mizigo. Babu yangu alibeba. Mjerumani alikuja kutafuta watu wa kumbebea risasi akapigane na Mbelgiji. Hakuuliza mtu umri. Aliweka mzigo chini. Ukiweza kuufikisha kichwani, wewe ni mtu mzima, twende."

"Alilipwa?"

"Alirudi," baba akasema, akairuhusu simu iendelee na swali lingine.

Siwezi kuapa kwamba mambo yalikuwa hivyo. Nimewahi kumsikia akisimulia habari hiyohiyo, Mbelgiji ndiye mwenye mizigo na Mjerumani ndiye adui, na siku nyingine risasi zilikuwa mchele. Ila hili halihitaji kuapiwa: nchi yetu iliingia kwenye vita ile chini ya Mjerumani ikatoka chini ya Mbelgiji, na waliobeba hawakuulizwa wangependa kuwa chini ya nani. Nikamwambia mdogo wangu, haya, la kwako hilo. Hakuliandika. Alifunga kompyuta akaenda kujaribu sketi ya kuvaa Jumatatu.

Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, baba mdogo alikuja na kreti ya soda. Ndiye aliyetafuta ile kazi. Yeye ni kiongozi wa kundi la wasafishaji katika kiwanda hicho, na watu wengi wa hapa kwetu Haltom City wamepata mkate kupitia kwake. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Tulipotua Texas ni yeye aliyekuja uwanja wa ndege na makoti ya kutosha watu wote, wakati sisi tulikuwa tunatetemeka na kandambili.

Kikao cha familia kwetu kina utaratibu. Mkubwa anafungua kwa sala, soda zinazunguka, wakubwa wanazungumza, wadogo wanangoja kuulizwa. Anayetaka kusema anaomba neno. Mwisho, sala tena.

"Tumekutana kumpongeza binti yetu," baba mdogo akaanza. "Kesho anaandikishwa kazini."

"Naomba neno," nikasema.

"Bado hujapewa."

"Basi nimejipa."

Mama alinikata jicho. Baba mdogo akacheka, akaegemea kochi. "Haya, msomi. Chuo kimekupa mdomo, tunaona. Tusikie kimekupa na nini kingine."

Nikasema. Kwamba zile mashine zina visu na minyororo, kwamba dawa ya kuzioshea inachuna ngozi, kwamba mtoto anayetoka kazini alfajiri hawezi kukaa darasani asubuhi, ataacha shule kabla ya Krismasi na sote tutajifanya tumeshangaa. Nikamwambia anyooshe mkono wake wa kulia watu waone kovu alilopata kwa dawa hiyohiyo.

"Kovu hili?" Akalinyoosha bila aibu. "Na bado nakula kwa mkono huuhuu."

"Wewe uliungua ukiwa mtu mzima."

"Na yeye ni mtu mzima. Serikali ya Marekani imesema, iko kwenye kadi yake ya ukaazi. Wewe unabishana na serikali?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu," baba mdogo akamwambia baba, "huyu mtamwoza kwa nani?"

Hata mama alicheka kidogo. Kisha baba mdogo akainama mbele na sauti yake ikabadilika. "Nikuulize, mwanangu. Kambini ulianza kuchota maji una umri gani? Ulikuwa unapanda na ndoo kichwani huku kamasi zinashuka. Mbona hukuita watu wa sheria? Au kazi inakuwa dhambi tukifika Texas tu?"

Lilikuwa swali zuri, na sijamaliza kulijibu. Vitabu nilivyosoma havikuwa na msichana wa ndoo. Vilikuwa na mtoto wa kiwandani upande mmoja na mtoto mwenye midoli upande mwingine. Mimi sikuwa yeyote kati yao, na sitaki mtu yeyote aniambie utoto wangu ulikuwa uhalifu. Siku ile nilijibu nilichokuwa nacho.

"Ndoo ilikuwa yetu, baba mdogo. Nikichoka naitua. Mashine ile ataitua wapi?"

"Ataizoea."

"Ndivyo walivyosema wote walioleta watoto viwandani, wakawaongezea na umri."

"Sasa umetutukana."

"Nimesema kilichoandikwa. Na kesho nitaingia naye ofisini. Nitawaambia ana miaka kumi na sita."

Hapo ndipo baba alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti. "Ukiwatajia umri wake, umenitaja mimi. Mahojiano yangu ni mwezi ujao. Watafungua faili, wataona mwaka mwingine. Wataniuliza, ulitudanganya? Nitajibu nini?"

"Sema ulikosea."

"Huko neno hilo hawana."

Nilikuwa na majibu ya kila mtu pale isipokuwa yeye. Niliwahi kusoma mikataba ya wafalme na makaizari, waliokosea ramani nzima wakafa vitandani mwao, na hapa mbele yangu alikuwa mtu aliyekosea mwaka mmoja siku mke wake yuko hospitali, na alikuwa ameuogopa kwa miaka kumi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Bado nilikataa hofu yake ilipiwe na mdogo wangu.

"Acheni kugombana," mdogo wangu akasema. "Mimi nimeshakubali. Nitakwenda. Si ndiyo mnachotaka?"

"Ile miaka miwili ni ya nani?"

Aliyeuliza alikuwa mama. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, akibandua karatasi ya chupa ya soda kwa kucha. Tulidhani anauliza kitu kingine.

"Nawauliza. Ile miaka miwili ambayo huyu hana na karatasi inayo, ni ya nani?"



"Ni ya mwanangu," mama akajijibu. "Niliizika pamoja naye. Sasa mnataka kumwamsha mkamfanyishe kazi usiku?"

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia mama akimtaja mtoto yule. Baba mdogo akaiweka soda yake chini. "Shemeji," akasema. Alichukua funguo za gari, akatushika mikono mmoja mmoja, na kikao kikavunjika bila sala ya kufunga. Mdogo wangu alibaki kwenye kochi akimwangalia mama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua kwamba umri aliouchukia si hesabu iliyokosewa tu. Ulikuwa na mwenyewe.

Lakini hakuna lililoamuliwa, na baba alikuwa amempa ndugu yake ahadi. Jumatatu asubuhi alikuwa nje kwenye gari, injini inaunguruma. Mdogo wangu akatoka na sketi ya kanisani, mkoba begani, kadi ndani ya mkoba. Nikafungua mlango wa nyuma nikaingia bila kualikwa. Baba alinitazama kwenye kioo, akaondoka.

Ofisi ya kuajiri ilikuwa kwenye safu ya maduka karibu na reli, kati ya kinyozi na duka la matairi. Baba hakuzima gari.

"Mama," akaniita. Huniita hivyo anapobembeleza. "Usiniangamize."

Sikumwahidi. Nilikuwa nimeamua kusema, na kama ningesema, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini mlangoni mdogo wangu alinigeukia.

"Ukifungua mdomo humu ndani, dada, mimi na wewe basi. Wote mnaniongelea tangu Jumamosi. Nyumba nzima inaniongelea. Niache niongee mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Si utasikia."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, kati ya vijana wawili waliosinzia. Wanaonijua hawaamini nikiwaambia, lakini nilikaa na nikanyamaza.

Mwanamke wa mezani alikuwa mchangamfu, Kiingereza chake kina ladha ya Kihispania. Alilitafuta jina kwenye kompyuta, akalipata, akasema wamekuwa wakimsubiri, mjomba wake ni mtu mzuri sana. Kwa Kiingereza baba mdogo naye ni mjomba. Akavuta fomu.

"Una kumi na minane, sivyo?"

Mdogo wangu mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Niliona vidole vikisogea ndani ya kitambaa, vikasimama.

"Kumi na sita."

"Nimeambiwa kumi na minane."

"Hata mimi niliambiwa hivyo."

Yule mwanamke akamtazama yeye, akautazama mkoba, akanitazama mimi ukutani. Angeweza kuomba kadi. Ilikuwa kazi yake kuiomba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo: ni huruma, au aliogopa kuona kitu ambacho baadaye angeulizwa kama alikiona? Alirudisha fomu kwenye droo.

"Basi mimi sijakuona leo, mpenzi. Urudi baada ya miaka miwili."

"Sirudi," mdogo wangu akasema, akamalizia kwa ile adabu yote ya Texas, "asante sana, ma'am."

Kwenye gari baba aliuliza kabla hatujafunga milango. "Umewaambia nini?"

"Umri wangu."

"Na kadi?"

"Hii hapa. Hakuna aliyeiona."

Baba akaweka paji la uso kwenye usukani. Sikujua kama anashukuru au anahesabu hasara. Simu yake ikaita. Alikuwa baba mdogo. Akaiacha ikate. Ikaita tena, akapokea.

"Hapana," baba alisema. "Hajachukua. Ana miaka kumi na sita." Akasikiliza. "Najua karatasi inasema nini. Niliisema mimi." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Basi kasirika, ndugu yangu. Kasirika, lakini usimtafutie tena."

Baba mdogo alikasirika kweli, na hadi sasa akija misa anakaa upande wa pili wa kanisa. Nami nikachukua zamu za jioni mapokezi ya hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, digrii yangu ikiwa ndani ya bahasha nyumbani, na sioni kama hilo linathibitisha lolote kuhusu digrii. Mahojiano ya baba yaliahirishwa. Hofu ile bado inakaa nasi. Haikutoka kwa sababu mtu mmoja alisema kweli mara moja, kwenye ofisi moja. Ila haikai tena mgongoni mwa mtoto.

Asubuhi ile hatukurudi nyumbani. Baba aliendesha moja kwa moja hadi shuleni, nikashuka na mdogo wangu kumsindikiza ofisini, kwa sababu alikuwa amechelewa na anayechelewa haingii darasani bila karani kumwandikisha. Karani alikuwa na haraka, nyuma yetu kuna foleni.

"Sababu ya kuchelewa?"

"Nilikwenda kukataa kazi," mdogo wangu akasema.

Karani akainua macho. "Hapa nina ugonjwa, daktari, au usafiri."

"Siyo yoyote kati ya hizo."

"Lazima nichague moja, mpenzi. Kompyuta haitaniruhusu kuacha wazi."

"Hilo ni la kompyuta," mdogo wangu akasema, akapandisha mkoba begani, akashika njia ya darasani bila kibali. Viatu vyake vya kanisani vikawa vinalia koridoni. Karani akanigeukia mimi.

"Wewe ni mzazi wake?"

"Dada yake."

"Haya, unipe sababu."

"Ameshakupa," nikamwambia, nikabaki nimesimama pale mbele ya meza yake.